Kuhesabu Ndege wa Pwani

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Kiongozi wa kikundi ayasome kabla ya majadiliano. Kwa zoezi la leo kila darasa liwe na ungo mmoja na viganja viwili vya maharage.)

Mimi ni Afisa Elimu, na somo letu la leo ni la hesabu. Lakini leo hatuhesabu fedha wala magunia. Tunahesabu ndege.

Najua baadhi yenu mmecheka. Hata mimi nilicheka. Nilipoambiwa kwamba wako watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanaoamka alfajiri kwenda kusimama matopeni kule Mtoni, darubini shingoni na daftari mkononi, wakihesabu ndege wasiowafuga wala wasiowala, niliuliza, "Na wakishawahesabu, wanawauzia nani?" Basi nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mtacheka kama bado mtataka.

Kwanza tujue mahali. Sisi wakazi wa Temeke tumezoea kusema kwamba bahari iko Kigamboni, au iko Feri. Lakini bahari inaingia mpaka kwetu. Ukipita Mtoni katika barabara ya Kilwa unavuka mto Kizinga. Mto huo unamwaga maji yake katika hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Kusini yake iko hori nyingine, ya mto Mzinga, upande wa Kijichi na Mbagala. Kando ya hori hizo ziko mikoko, na mbele ya mikoko, maji yakipwa, unatokea uwanda mkubwa wa matope. Mtu apitaye na daladala huona matope tu. Ndege huona sahani ya chakula: kaa wadogo, minyoo, konokono na kamba.

Ni ndege gani hao? Yuko yangeyange mweupe, ambaye kila mtu anamjua. Yuko kulastara, asimamaye kimya kama askari wa zamu. Lakini wengi wa wale wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji, hao tunaowaita vitwitwi, si wenyeji. Ni wageni. Mmoja wao, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, katika nchi ya barafu. Mwingine ni sululu, ndege mkubwa wa rangi ya udongo, ambaye mdomo wake umepinda barabara kama sululu ya kuchimbia. Naye hutaga mayai nchi za kaskazini, kisha huja kwetu.

Yuko na mwingine ambaye mimi nampenda kuliko wote. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene mweusi kama patasi. Chakula chake ni kaa. Kwa somo hili tumwite mlakaa. Ndege huyu hutaga katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba ya Uajemi. Huchimba shimo mchangani, na humo hutaga yai moja tu. Kinda akikua, husafiri pamoja na wazazi wake mpaka pwani yetu, na hata akiwa huku bado huwalilia wamlishe. Wazee wetu walijua kwamba majahazi ya Oman huja na kaskazi na hurudi na kusi. Mlakaa naye ana safari kama hiyo, ila yeye hana nahodha wala dira.

Sasa, kwa nini tunahesabu mwezi wa Januari? Huko kaskazini Januari ni kipupwe kikali. Ardhi na maziwa yameganda, wala hakuna mdudu wa kuokota. Kwetu huku ndiyo siku za joto na kaskazi. Wageni wote wamekwisha fika, na bado hawajaanza kurudi. Ni kama kuhesabu watu wa nyumba usiku wa manane: kila mtu yuko mahali pake. Ukihesabu mwezi wa Septemba au Aprili utawakuta njiani, na ndege mmoja anaweza kuhesabiwa Misri leo na Temeke wiki zijazo.

Desturi hii ya kuhesabu ina historia. Huko Marekani palikuwa na mchezo wa siku ya Krismasi. Watu waligawanyika makundi mawili, wakaingia porini na bunduki, na kundi lililoua ndege na wanyama wengi zaidi ndilo lililoshinda. Mwaka 1900 bwana mmoja, mtaalamu wa ndege, jina lake Frank Chapman, alitoa shauri jipya: mashindano yawe ya kuhesabu, si ya kuua. Siku ile ya Krismasi watu 27 walihesabu katika mahali 25, Marekani na Kanada. Hesabu hiyo haijakoma mpaka leo. Mwaka 1967 ilianza hesabu nyingine ya mataifa mengi, ya ndege wa majini, inayofanywa katikati ya Januari. Katika Afrika hesabu hiyo ya Januari ilianza kupangwa kwa pamoja mwaka 1991. Takwimu hukusanywa na shirika la Wetlands International, lenye makao yake Uholanzi. Wanaohesabu wengi wao ni watu wa kujitolea: walimu, wanafunzi, askari wa wanyamapori, na watu kama mimi na wewe.

Haya, tuingie katika kazi yenyewe. Kundi la ndege haliketi likangoja. Utahesabuje ndege 300 wanaotembeatembea?

(Kiongozi wa kikundi amwage kiganja kimoja cha maharage katika ungo. Kila mwanafunzi atazame kwa muda wa pumzi tano tu, kisha aandike idadi anayodhani, bila kumwambia jirani. Halafu maharage yahesabiwe moja moja.)

Mmeona? Bila shaka wengi wenu mmeandika pungufu. Macho ya binadamu hupunja vitu vikiwa vingi. Sasa jaribuni njia ya pili. Mwageni tena, kwa kiasi kingine. Kwa kidole tengeni maharage 10 upande mmoja, myaangalie vizuri. Angalieni yanachukua nafasi gani. Kisha ichukueni nafasi ile kwa macho, mkaipime juu ya fungu lote: 10, 20, 30, 40, mpaka mwisho. Mtaona kwamba mmeikaribia zaidi idadi ya kweli. Hivyo ndivyo tufanyavyo kwa ndege. Kundi likiwa kubwa mno, twapima kwa 50 au kwa 100.

Ziko kanuni nyingine nne, nazo ni rahisi.

Kanuni ya kwanza: fuata maji. Maji yakipwa sana, ndege hutawanyika mbali katika matope, na wengine huonekana kama mbegu za ufuta. Maji yakianza kujaa huwasukuma kidogo kidogo mpaka wakusanyike juu ya fungu la mchanga wapumzike. Hapo ndipo pa kuwahesabu. Kwa hiyo kabla ya kupanga siku, uliza mvuvi saa za maji, na uliza kama ni bamvua au maji mafu. Mwenye kudharau elimu ya mvuvi atasimama matopeni bure.

Kanuni ya pili: wawili wahesabu kundi lilelile, kila mtu peke yake, bila kunong'onezana. Wakihitilafiana sana, wahesabu tena.

Kanuni ya tatu: kundi likiruka, andika saa na upande lilikoelekea. Wenzako walio ng'ambo ya hori wataandika saa lilipotua, ili ndege wale wasihesabiwe mara mbili.

Kanuni ya nne: andika ulichokiona, si ulichotaka kukiona. Kama ni vitwitwi 30 na hukuwatambua ni aina gani, andika hivyohivyo: "vitwitwi, aina haikujulikana, 30." Si aibu. Aibu ni kubahatisha jina ili uonekane fundi.

Kanuni hii ya nne ndiyo iliyonifundisha somo la leo, na mimi ndiye niliyeivunja. Nitawaeleza.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Januari. Tulikuwa watu watano, tukiongozwa na mama mmoja mwalimu wa sayansi, ambaye sote twamwita Mwalimu, hata sisi tulio walimu. Wenzetu wengine walikuwa wamekwenda upande wa Kigamboni, na wengine mdomoni mwa mto Msimbazi. Sisi tulipewa hori ya Mtoni. Tulifika kabla ya jua kupanda, maji yakiwa nje. Mwalimu alinipa fungu moja la mchanga, akasema, "Bwana Elimu, lile ni lako. Wakati wa maji kujaa hupumzika walakaa pale. Wahesabu vizuri."

Nilifurahi, maana nilikuwa sijapata kumwona mlakaa kwa macho yangu isipokuwa kitabuni. Nikatafuta mahali pa kusimama kando ya michu, nikangoja. Jua likapanda. Maji yakaanza kuja, yakaingia katika vijito vya matope, yakafunika mizizi ya mikoko. Vitwitwi wakaja, lakini wakatua upande mwingine, kwa wenzangu. Fungu langu likabaki tupu.

Akaja mzee mmoja mvuvi, amebeba kafi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wahesabu nini?"

"Ndege, mzee. Nangoja wale wa fungu lile."

Akalitazama fungu, akanitazama mimi. "Umechelewa."

Nikatazama saa. "Nimechelewa kwa kiasi gani, mzee?"

"Si kwa saa," akasema. "Kwa miaka. Nilipokuwa kijana, maji yakijaa, fungu lile lilikuwa jeupe kama nguo zilizoanikwa. Ukipita na ngalawa waruka wote pamoja, hata huwezi kumsikia mwenzio."

Nikafungua daftari upesi. "Walikuwa wangapi, mzee?"

"Wengi."

"Kama 100? Kama 1,000?"

"Mwanangu," akasema, "walikuwa wengi. Nani angehesabu?"

Basi nikabaki na kalamu mkononi. Mzee yule alikuwa akisema kweli, sina shaka naye. Alikuwa shahidi wa mambo ambayo hakuna kitabu kinachoyajua. Lakini "wengi" haiingii katika hesabu. Huwezi kuitoa, wala kuijumlisha, wala kuilinganisha na mwaka mwingine. Siku ile niliona hasara ya elimu isiyoandikwa kuliko nilivyoiona katika miaka yangu yote ya kufundisha.

Maji yakajaa kabisa, yakalifunika fungu, tukaondoka. Tulipoketi chini ya mwembe kukusanya karatasi zetu, Mwalimu alizipitia moja moja. Alipofika kwangu akasimama.

"Bwana Elimu, ulikwenda kwenye fungu lile au hukwenda?"

"Nilikwenda, Mwalimu. Nilikaa pale tangu alfajiri."

"Basi mbona karatasi yako yasema hukwenda?"

Nikatazama. Mahali pa walakaa nilikuwa nimeacha wazi. Nilidhani, kama hakuna ndege, hakuna cha kuandika. Na niseme kweli yote, ndugu wasikilizaji: niliona aibu. Wenzangu walikuwa wameleta makumi na mamia. Mimi nilete nini? Nilitamani hata kuandika wawili watatu, kwani mbali kule niliona ndege weupe, nao pengine walikuwa yangeyange tu.

Mwalimu akanirudishia karatasi na kalamu. "Andika sufuri," akasema. "Mahali patupu maana yake hakuna mtu aliyekwenda. Sufuri maana yake mtu alikwenda, akangoja, akatazama, wala hakumwona. Hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa."

Nikaandika sufuri. Ndiyo tarakimu nzito kuliko zote nilizopata kuandika.

Wasikilizaji, nisikilizeni kwa makini hapa. Sufuri yangu ya siku moja haithibitishi kwamba walakaa wameisha Mtoni. Pengine siku ile walipumzika fungu jingine. Pengine walifukuzwa na mbwa. Upande mmoja wa hori nilikuwa nimeona kifusi kimemwagwa mpaka ndani ya mikoko, na mifuko ya plastiki imenasa mizizini. Lakini siwezi kusimama nikasema kwamba kifusi ndicho kilichowafukuza. Mwaka mmoja hausemi. Lakini sufuri ikiandikwa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu, mahali palepale, kwa njia ileile, hapo inaanza kusema, na hakuna mtu atakayeweza kuinyamazisha kwa kusema, "Ninyi mnadhani tu."

Nawapeni mfano mkubwa wa jambo hili. Sululu wetu alikuwa na ndugu yake, mwenye mdomo mwembamba zaidi. Ndege huyo alitaga Siberia, na wakati wa baridi alishukia nchi za Bahari ya Kati. Zamani watu waliandika kwamba ni wa kawaida. Hawakuandika ni wangapi. Mara ya mwisho alipoonekana kwa hakika ilikuwa Februari mwaka 1995, huko Moroko, katika ziwa la pwani liitwalo Merja Zerga. Baada ya hapo watu walimtafuta nchi nyingi, wakarudi na sufuri. Mwaka 2025 ndipo alipoandikwa rasmi katika orodha ya dunia ya viumbe vilivyotoweka. Ilichukua miaka 30 kulisema neno hilo, kwa sababu ni kazi kubwa kuhakikisha kwamba kitu hakipo. Walipoanza kumhesabu kwa bidii alikuwa karibu kwisha. Hesabu ilichelewa, kama mimi nilivyochelewa kwa yule mzee.

Mfano wa pili unatia moyo zaidi. Mwaka 2024 aina 16 za ndege wa pwani wanaohama zilipandishwa daraja la hatari katika orodha hiyohiyo. Mmoja wao ni yule kitwitwi wa Siberia mwenye mdomo uliopinda, anayekula katika matope yetu. Wamejuaje kwamba anapungua, na hali bado yupo? Kwa hesabu za mwaka hata mwaka, za watu waliosimama matopeni. Hapo hesabu imewahi. Mgonjwa bado yu hai, na dawa yaweza kutafutwa.

Na hesabu ina nguvu katika sheria pia. Uko mkataba wa mataifa wa kuhifadhi maeneo ya maji, uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, Uajemi, tarehe 2 Februari 1971. Tanzania iliingia katika mkataba huo mwaka 2000. Eneo laweza kutambuliwa na mkataba kama kwa kawaida lina ndege wa majini 20,000 au zaidi, au kama lina asilimia 1 ya ndege wote wa aina fulani. Tufanye hesabu. Tuseme aina moja ya ndege ina jumla ya ndege 70,000. Asilimia 1 yake ni ngapi? Gawanya kwa 100: ni 700. Basi fungu la mchanga lenye ndege 700 wa aina hiyo si fungu la kupuuzwa. Lakini nani atasema ni 700, ikiwa watu wote wa pale wanasema "wengi"? Ukiifuata barabara ya Kilwa kwenda kusini kutoka hapa Temeke, unaelekea eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lililoingizwa katika mkataba huo mwaka 2004. Pwani ya Dar es Salaam nayo imo katika orodha ya maeneo muhimu kwa ndege nchini mwetu.

Mtu ataniuliza, "Bwana Afisa, ndege wanatusaidia nini sisi wa Temeke, wenye shida ya maji na barabara?" Ni swali la haki. Nami najibu hivi: matope yanayomlisha kitwitwi ndiyo yanayomlisha kamba na samaki mchanga. Mikoko inayompa kulastara mahali pa kulala ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi. Ndege ni kama kipimo cha homa. Ukiona kimeshuka au kimepanda, usiangalie kipimo tu, angalia mwili. Tena ndege anaonekana na kuhesabika kutoka ukingoni, kwa macho na darubini moja. Kamba aliye matopeni hahesabiki hivyo.

Basi, ninyi mlio katika madarasa yetu, mliojifunza kusoma na kuandika tarakimu, msidhani elimu hii ni ya barua na risiti tu. Chagueni mahali pamoja karibu nanyi: kijito, bwawa, ukingo wa hori. Nendeni mara moja kila mwezi, maji yakiwa katika hali ileile. Andikeni tarehe, saa, hali ya maji, majina ya waliohesabu, na idadi. Wachukueni wazee pamoja nanyi. Wanajua ni wapi pa kutazama, na wao wanasahihisha majina yetu. Na mkikuta patupu, andikeni sufuri kwa mkono usiotetemeka.

Mimi bado ninalo fungu langu Mtoni. Nimemwomba Mwalimu asinibadilishie. Mwaka wa pili nilikwenda, mzee yuleyule akanikuta palepale. Hakuniuliza ninahesabu nini. Aliweka kafi lake chini, akatazama pamoja nami mpaka maji yalipojaa. Kisha akauliza, "Umeandika?"

Nikamwonyesha karatasi. Walakaa 3. Tumewaona wote wawili, tukawahesabu kila mtu peke yake, na hesabu zetu zikalingana.

Ndugu wasikilizaji, somo letu la leo limekwisha. Nawatakieni majadiliano mema. Kwaherini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ndege wa pwani wanahesabiwa mwezi wa Januari, wala si Aprili?
2. Eleza tofauti iliyopo kati ya kuacha mahali patupu katika karatasi na kuandika sufuri. Toa mfano mwingine katika kazi yako, mathalan katika daftari la duka, la zahanati au la shule.
3. Aina moja ya ndege ina jumla ya ndege 45,000. Asilimia 1 yake ni ndege wangapi?
4. Watu wawili wamehesabu kundi moja. Mmoja amepata 60, mwingine 41. Wafanye nini?
5. Kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja wa mtaani kwake juu ya kitu kilichokuwa "kingi" zamani na sasa kimepungua. Je, iko njia ya kujua kilikuwa kingi kiasi gani? Leteni majibu yaliyoandikwa katika somo lijalo.